Sindano ya Nyonga na Nauli ya Ukerewe

Mijadala yetu kuhusu saratani Kanda ya Ziwa huanzia kwenye mashine na dawa. Naomba leo tuanzie kwenye sindano inayochomwa nyuma ya nyonga.

Limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kampala, haiko mbali nasi: ukanda wake unapita katika mwambao huu wa Ziwa Victoria. Huwapata zaidi watoto, kwa uvimbe wa taya au tumbo, nao huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hata hivyo, ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa vizuri.

Lakini daktari hawezi kupanga dawa bila kujua ugonjwa umefika wapi. Ndiyo maana huchukua uboho na kijipande cha mfupa, mgonjwa akiwa amepigwa ganzi, ili vichunguzwe kwa hadubini. Seli za saratani zikionekana humo, mtoto yuko hatua ya nne, na tiba yapasa kuwa kali zaidi. Sampuli ikiwa ndogo mno, huweza kusema uongo.

Wapo wanaodai kwamba nchi maskini inunue dawa kwanza, vipimo baadaye. Siafiki. Dawa iliyotolewa gizani humpunja mtoto mmoja na kumwumiza mwingine bila sababu.

Kikwazo kikubwa mara nyingi si sindano yenyewe. Mzazi kutoka Ukerewe anayefika Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, hulipa kivuko, chakula na malazi, huku shamba au nyavu vikimsubiri nyumbani. Majibu yakichelewa, fedha huisha kabla hayajafika. Kipimo ambacho majibu yake hayakusubiriwa ni sawa na kipimo ambacho hakikufanyika.

Tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Watumishi wa umma mnaopanga mafao yake, andikeni kipimo cha uboho, kazi ya mtaalamu wa patholojia anayekisoma, pamoja na nauli na malazi ya mzazi, kuwa sehemu ya tiba. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, msiridhike kuambiwa kwamba dawa zipo. Ulizeni: nani anasoma sampuli, kwa siku ngapi, na mama analala wapi akisubiri?