Tusidanganywe na neno "kursikwi": delestaji njo inatuchoma

Wandugu wa Kadutu, Ibanda na Bagira,

Kila mara nyumba za mbao zinaungua hapa Bukavu, asubuhi tunasikia neno moja: kursikwi. Mkubwa anafika na walinzi wake, anaangalia majivu, anasema "ni kursikwi", anapigwa picha, anarudi kwake. Faili imefungwa. Hakuna wa kuulizwa, kama vile kuran ilijiamulia yenyewe. Sisi tunakataa.

Tuseme namna tablo inafanya kazi. Kuko dijonteri kubwa moja, na zingine ndogo chini yake. Kila ndogo inalinda waya yake: waya ya 1,5 ya mataa inalindwa na ampere 10, ile ya 2,5 ya prizi ampere 16 ao 20. Mzigo ukizidi, waya inapata moto, dijonteri inakata. Haikusumbui, inafanya kazi yake. Na ukijumlisha zile ndogo zote, hesabu inaweza kupita ile kubwa. Si kosa. Mwenye kupanga alijua kwamba watu hawawashi vyote saa moja: huyu anapika, yule analala, pasi inangoja kesho. Na siku wakiwasha vyote, ile kubwa inakata.

Sasa leta hesabu hiyo kwetu. Parseli moja, kontere moja, lokatere sita. Kuran imekosekana tangu asubuhi, inarudi saa nne ya usiku. Batoto wanapiga kelele ya furaha. Nyumba zote sita zinawasha resho dakika ile ile, maana hakuna anayejua kuran itakaa muda gani. Resho moja ni wati 1500. Sita ni 9000. Gawanya kwa volti 220: karibu ampere 41, mbele ya pasi na kuchaji simu. Dijonteri kubwa ya 20 inakata. Wanairudisha, inakata tena. Njaa iko. Basi wanaita fundi wa kartye, anaweka ya 63, ao anaipitisha kando na kipande cha waya. Tangu usiku ule, ile waya nyembamba inayotoka kwa kontere ikipita katikati ya mbao njo imekuwa fizibu yenu.

Ongeza pasi ya mtu ambaye kuran ilimkatikia mkononi. Aliiweka kitandani, akaenda sokoni. Kuran ilirudi, yeye hakuwepo.

Kwa hiyo delestaji si shida ya giza tu. Inavunja ile hesabu ambayo tablo yote imejengwa juu yake. Inatulazimisha kuwasha vyote mara moja, halafu wanatuita watu wasio na nidhamu!

Fundi anayepitisha waya kando ya dijonteri ana kosa. Bayeri anayekula kodi ya nyumba sita na kontere moja ana kosa kubwa kuliko fundi, na tutamwambia mbele yake. Lakini nani alipaswa kukagua? Mimi nilisoma umeme, diplome iko nyumbani, kazi hapana. Tangu tuhamie parseli yetu sijaona mtu wa umeme akifungua tablo. Wanakuja kwa fakture.

Katiba, kifungu cha 48, inatupatia haki ya kupata umeme. Na sisi tunaishi kando ya Ruzizi, ambayo bwawa lake la kwanza linatoa umeme tangu miaka ya 1950. Tunadai ratiba ya delestaji itangazwe kwa kila kartye na iheshimiwe. Tunadai kila lokatere aweze kupata kontere yake kwa bei anayoweza. Tunadai tablo za kartye za mbao zikaguliwe bure, na kazi hiyo wapewe vijana waliosoma umeme, tuko wengi tumekaa bure.

Na wewe, usingoje serkali: usiku wa leo sikilizaneni mu parseli, resho mbili kwanza, zingine kisha. Kuran ikikatika, chomoa pasi na resho. Soma namba iliyoandikwa kwenye dijonteri yenu kubwa. Ukiona kuko waya iliyopitishwa kando yake, usiiguse. Piga picha, ututumie pamoja na jina la avenyu. Picha zote tutaziweka kwenye meza yao.