Doa Chini ya Volkswagen Kuukuu

Katika nyumba za Kigali zilizobahatika kubakiwa na Volkswagen Beetle ya miaka iliyopita, doa jeusi uani halimshangazi mtu. Huhesabiwa kuwa ni uzee wa gari, kama mvi zilivyo kichwani mwa mzee. Hufagiliwa, humwagiwa mchanga, na shughuli za nyumbani zikaendelea. Mazoea hayo ndiyo yenye hatari. Si kila kidondokacho ni oili, na miongoni mwa vitu viwezavyo kuvuja katika gari hilo viwili vyaweza kuua.

Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, nchini Meksiko, tarehe 30 Julai 2003, baada ya kuundwa magari zaidi ya milioni 21. Kwa hiyo hata lile changa kuliko yote limekwisha pita miaka 20, na mengi yanayotunzwa katika Afrika Mashariki ni ya miaka ya 1960 na 1970. Chuma huvumilia umri kama huo. Mpira hauvumilii: hukauka, hupasuka na kuachia, hata kama gari lilikuwa limeegeshwa tu likisubiri siku ya harusi.

Kabla ya kulaza mkeka na kuingia uvunguni, yafaa kukumbuka jinsi gari hilo lilivyopangwa, maana limepangwa kinyume cha magari mengi. Injini iko nyuma nayo hupozwa kwa upepo. Halina rejeta. Fundi asemaye kwamba rejeta inavuja aagwe kwa heshima, na gari lipelekwe kwa mwingine. Maji safi yakionekana chini ya sehemu ya mbele, aghalabu yametoka katika chupa ya kuoshea kioo, ambayo katika Beetle nyingi husukumwa kwa upepo wa tairi la akiba. Mbele huko huko ndiko liliko tanki la petroli, chombo cha mafuta ya breki na boksi la usukani. Nyuma kuna oili ya injini na ile ya giaboksi. Basi swali la kwanza si rangi ya doa bali mahali lilipo.

Hapo mji wa Kigali huleta shida yake. Gari lililoegeshwa mteremkoni, kama yalivyo magari mengi ya mji huo wa vilima, hudanganya: tone huanza pahali pamoja, hutambaa chini ya sakafu ya gari, na kuanguka hatua nzima kutoka lilikoanzia. Hapana budi kutafuta uwanja ulio sawa, hata kama ni kwa jirani. Sehemu ya chini ya gari isuguliwe kwanza kwa sabuni na brashi, ikaushwe, kisha maboksi meupe yaliyokunjuliwa yatandikwe toka mbele hadi nyuma, na mahali pa kila gurudumu pawekwe alama ya kalamu. Gari lilale hapo usiku kucha. Kazi hii haihitaji ufundi. Askari akiwa zamu, mkewe au kijana wa nyumbani aweza kuifanya vizuri kabisa.

Asubuhi boksi litasoma kama ramani. Anayetilia shaka doa lake achukue tone kwa kijiti na kulitia katika gilasi ya maji, isiyotumika tena kwa kunywea. Oili huelea juu. Mafuta ya kawaida ya breki huchanganyika na maji na kupotea.

Doa la nyuma, jeusi na la utelezi, ni oili ya injini, nalo ndilo la kawaida kuliko yote. Likiwa upande wa kulia au wa kushoto, yatazamwe kwanza magasketi ya vifuniko vya vali, ambayo ni ya bei ndogo, halafu mabomba manane membamba yaliyo chini ya silinda, manne kila upande, ambayo sili zake huchoka. Doa likiwa katikati, pale injini inapokutana na giaboksi, pua iamue. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali kama ya kiberiti. Ikinukia hivyo, sili ya giaboksi imekwisha. Isiponukia, kosa ni la sili iliyo nyuma ya gurudumu zito la injini. Zote mbili zataka injini ishushwe. Hilo lisimtishe mtu, kwani injini ya Beetle imeshikwa na bolti nne tu, na mafundi wa Gatsata wamekuwa wakishusha injini nzito kuliko hiyo kwa miaka mingi. Lakini asingoje sana: oili ikifika kwenye klachi, gari litanguruma pasipo kupanda kilima. Tena injini hiyo hubeba lita 2.5 tu, hivyo kupungua nusu lita si jambo dogo.

Cha kwanza kati ya vile viwili ni petroli, nayo ina hila, kwa kuwa haiachi doa. Boksi laweza kuwa kavu na safi huku nyumba nzima ikinusa. Bomba lake hutoka tanki la mbele, hupita katikati ya sakafu na kuishia kwa vipande vya mpira karibu na injini ya moto. Mpira uliopasuka hubadilishwa siku ile ile, na gari haliwashwi kabla ya hapo, wala sigara haikaribii. Kizimba cha injini hiyo kina magnesi, madini ambayo yakishika moto hayazimwi kwa ndoo ya maji.

Cha pili ni mafuta ya breki. Katika Beetle nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, magurudumu yote manne hutegemea mkondo mmoja wa mafuta. Ukitoboka popote, pedali huzama hadi sakafuni. Dereva anayeteremka kutoka katikati ya mji kwenda Nyabugogo, magari mbele yake na pikipiki pembeni, atabaki na breki ya mkono peke yake. Polisi hukagua breki na kutoa cheti, lakini cheti husema gari lilivyokuwa siku ya ukaguzi, si asubuhi ya leo. Dalili zake ni unyevu upande wa ndani wa tairi, ama zulia lililolowa chini ya pedali. Mtu asijaze chombo na kuondoka, wala asitie oili ya injini badala yake, kwani huvimbisha mipira yote ya breki na kuharibu hata iliyokuwa mizima.

Sehemu iliyovuja ikiisha kubadilishwa, mmoja hukanyaga pedali na mwingine hulegeza nati ya kutolea hewa, akianza na gurudumu la nyuma kulia ikiwa usukani uko kushoto, kisha nyuma kushoto, mbele kulia na mbele kushoto, kila moja mpaka mafuta yatoke bila povu.