Hulka ya Mtoto Si Hatia

Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 5 hapa Nyakabiga tarehe 21 Oktoba 1993, siku aliyouawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, kisha akakulia katika miaka ile ambayo mitaa ya Bujumbura ilitengwa kwa ukabila na vijana wenye silaha wakazitawala njia, alikuwa na miaka 27, na pengine na wana wake mwenyewe, asubuhi ya tarehe 12 Disemba 2015, maiti zilipoonekana barabarani katika mtaa huu huu.

Aghalabu kizazi hicho tunakihukumu kwa kulinganisha ndugu na ndugu. Aliyenyamaza, akasoma, akapata kazi, husifiwa ujasiri. Nduguye ashtukaye mlango ukibamizwa, asiyepata usingizi, au aliyetopea katika ulevi, huulizwa mbona mwenzake aliyaona hayo hayo naye yu mzima. Swali hilo, nasema bila kusita, ni dhulma.

Madaktari wa akili Alexander Thomas na Stella Chess, walioanza mwaka 1956 kuwafuatilia watoto wa New York tangu uchanga wao, walibainisha kwamba kila mtoto huja na hulka yake, huyu mwepesi wa fadhaa, yule mzito wa kuyazoea mageni, na kwamba hulka hiyo peke yake si maradhi, bali huzaa dhiki pale malezi na mazingira yasipoafikiana nayo. Naye daktari Vincent Felitti na wenzake, katika utafiti wa California uliotangazwa mwaka 1998, waliona kwamba kadiri mateso na machafuko ya nyumbani yanavyomrundikia mtu utotoni, ndivyo huzuni nzito, ulevi na majaribio ya kujiua yanavyozidi ukubwani. Na hao waliochunguzwa hawakuulizwa habari za vita. Sembuse wetu, waliopigwa ndani na kufukuzwa nje!

Yule mnyamavu, kwa hakika, ndiye ninayemhofia zaidi, kwani kimya chake huenda ni hulka tu, wala si dalili ya kupona, na hakuna amwulizaye. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge, iliyo mikononi mwa watawa wa Frères de la Charité, inatenda kazi adhimu, walakini jamaa humpeleka mtu huko wakiwa wamekwisha kumwita mwendawazimu. Naitaka Wizara ya Afya iweke katika kila kituo cha afya cha mitaa iliyoumia, Nyakabiga, Kamenge, Musaga na Cibitoke, muuguzi aliyefunzwa kusikiliza, aanze na wazazi waliokuwa watoto mwaka 1993, kabla wana wao hawajafika umri wa kulinganishwa.