Tusitue Mzigo Bila Kuuhesabu: Barua Pepe za Ofisi na Kompyuta Mpya

Tura leo ni kituo kidogo kwenye Reli ya Kati, mashariki ya Tabora, wilayani Uyui. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, jina hilo lilijulikana kwa wapagazi wa njia ya Bagamoyo na Ujiji. Msafara uliotoka Ugogo ulivuka kwanza pori la Mgunda Mkali, lenye maji ya shida, kisha ukaingia Unyamwezi kwa mlango wa Tura. Richard Burton, aliyepita huko mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni kutua mzigo. Ndivyo watu walivyofanya: walitua, wakanunua chakula, wakapumzika kabla ya kuendelea na safari ya Tabora. Lakini kutua mzigo hakukuwa kuutelekeza. Kila mzigo ulikuwa na mbebaji wake, na upungufu wowote ulikuwa na mtu wa kuulizwa.

Sisi tunaofanya kazi katika ofisi za parokia, seminari na shule tunatua mizigo ya namna nyingine, na hatuihesabu. Kompyuta ya ofisi inapozeeka, tunatafuta mpya. Tunahamisha picha za upadrisho na nyaraka chache kwa flashi, kisha ile ya zamani inapelekwa stoo au anapewa mtu. Miezi mitatu baadaye swali linakuja: barua ya wafadhili wa kisima iko wapi? Je, na ile ya ofisi ya ardhi kuhusu mpaka wa kiwanja cha kigango? Zilikuja kwa barua pepe, na barua pepe zilibaki kwenye kompyuta ya zamani.

Ninatoa maoni mawili. La kwanza ni kwamba barua pepe za ofisi ni sehemu ya kumbukumbu za kudumu za taasisi, na kuhamia kompyuta mpya bila kuzihamisha hakutofautiani na kuhamia nyumba mpya ya mapadre huku madaftari ya ubatizo yameachwa kwenye ile ya zamani. La pili ni kwamba barua nyingi tunazozililia kuwa zimepotea hazijapotea bado. Zipo mahali fulani, zinangoja mtu mwenye subira.

Zilikwenda wapi?

Msingi wa jambo hili ni mdogo, lakini wengi hawajawahi kuelezwa. Barua pepe huweza kukaa mahali pawili. Mfumo mmoja, uitwao IMAP, huacha barua kwenye mashine kubwa ya mtoa huduma, na kompyuta yako huonyesha nakala tu. Ukinunua kompyuta mpya na kuingiza anwani pamoja na neno la siri, barua zote zinarudi zenyewe. Mfumo wa pili, uitwao POP, huchukua barua kutoka kwa mtoa huduma na kuzishusha kwenye kompyuta yako, na mara nyingi huzifuta kule zilikotoka. Ofisi nyingi zilipendelea mfumo huu wakati intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua: unaunganisha, unashusha barua, unakata, kisha unasoma kwa utulivu. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa wakati ule, ila matokeo yake ni kwamba barua za miaka mingi zipo mahali pamoja tu hapa duniani, yaani kwenye diski ya kompyuta iliyoko stoo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuizuia ile kompyuta ya zamani isitolewe, isiuzwe, wala isiwekewe Windows upya. Ikiwa imekufa, si lazima diski yake iwe imekufa nayo. Fundi anaweza kuitoa diski, kuiweka kwenye kasha la nje lenye waya wa USB, na kuifungua kwenye kompyuta mpya kama anavyofungua flashi. Hapo kinachotafutwa ni mafaili ya programu ya barua. Outlook Express, iliyokuja na Windows XP, iliweka barua katika mafaili yenye mkia wa .dbx, kila sanduku na faili lake. Outlook yenyewe huweka barua za POP katika faili lenye mkia wa .pst, pengine ndani ya Documents, pengine ndani ya folda iliyofichwa iitwayo AppData. Thunderbird hutumia folda iitwayo Profiles, ambayo inaweza kunakiliwa nzima na kufunguliwa kwenye kompyuta mpya.

Fundi apewe masharti mawili. Kwanza, anakili faili, kisha afanye kazi kwenye nakala na kuliacha lile la asili lilivyo. Mafaili ya .pst ya Outlook za zamani, hadi toleo la 2002, hayakuweza kuzidi GB 2, na yalipofika hapo yaliharibika mara kwa mara. Kuna programu ndogo ya kuyatengeneza iitwayo SCANPST, inayokuja pamoja na Outlook, lakini matengenezo huweza pia kupoteza kitu. Pili, ikiwa barua zilifutwa, diski hiyo isitumike kwa jambo lolote mpaka ichunguzwe. Kwenye diski za zamani zinazozunguka, kufuta ni kuondoa jina tu kwenye orodha, na maandishi hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Diski za kisasa za SSD hazina huruma hiyo, kwa kawaida husafisha nafasi iliyofutwa baada ya muda mfupi.

Kwa nini tujisumbue?

Mtu atasema hizo ni barua za zamani, waliozipokea wamehamishwa, tuendelee na kazi. Kanisa halisemi hivyo. Kanuni ya 535 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inaagiza kila parokia iwe na hifadhi ambamo madaftari hutunzwa pamoja na barua za maaskofu na hati nyingine zenye ulazima au manufaa. Inaagiza pia Askofu au mwakilishi wake aikague hifadhi hiyo wakati wa ziara, na paroko aangalie yaliyomo yasiangukie mikononi mwa watu wa nje. Kanuni haikutaja karatasi peke yake. Barua ya Askofu iliyofika kwa barua pepe ni barua ya Askofu. Na kompyuta iliyouzwa mnadani huku barua za parokia zikiwa ndani yake ni hifadhi iliyoangukia mikononi mwa watu wa nje.

Serikali nayo haichukulii jambo hili kama mchezo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi, na uzito wake hupimwa pia kwa kuangalia jinsi ulivyotunzwa. Parokia yenye mgogoro wa kiwanja inaweza kujikuta haina cha kuonyesha, si kwa sababu haikuandikiana na mtu, bali kwa sababu maandishi hayo yalitolewa pamoja na kompyuta.

Historia ya njia yetu hii inafundisha vivyo hivyo. Mfuko wa barua za David Livingstone ulitoka Unguja Novemba 1870. Stanley aliukuta Kwihara, jirani na Tabora, mwaka uliofuata, na akaufikisha Ujiji mwezi Novemba 1871. Mwaka mzima ulipita, lakini barua zilifika, kwa sababu mfuko ulikuwa na jina la mwenyewe na haukuachwa. Mwaka huohuo Livingstone, akiwa Manyema, aliishiwa karatasi na wino, akaandika kumbukumbu zake juu ya magazeti ya zamani kwa wino alioutengeneza kutokana na mimea. Maandishi hayo yalififia hata yakawa hayasomeki. Mwaka 2011 wataalamu waliyasoma tena kwa kuyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali. Ustadi wao ni mkubwa, lakini usingekuwa na cha kusoma kama karatasi zenyewe zingetupwa. Na wa kwanza kuzilinda karatasi za Livingstone walikuwa Susi, Chuma na wenzao, waliobeba mwili wake na vitu vyake baada ya kifo chake mwaka 1873 mpaka misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo, Februari 1874.

Mapadre Weupe, walioipita njia hiihii mwaka 1878, waliagizwa na Lavigerie waandike shajara katika kila misheni, siku kwa siku, hata kama siku haikuwa na jambo kubwa. Leo anayetaka kujua njaa, ugonjwa wa mifugo au ubatizo wa kwanza katika kijiji fulani hufungua shajara hizo. Sasa tujiulize: atakayeandika historia ya parokia zetu kati ya mwaka 2000 na 2020 atafungua nini? Ni miaka ambayo tuliacha kuandika barua za karatasi na hatukujifunza kutunza za kielektroniki. Tukizembea, tutajua habari za mwaka 1895 kuliko za mwaka 2008.

Mashaka mawili ya haki

Shaka la kwanza ni la siri. Katika sanduku la paroko kuna barua za watu waliofungua mioyo yao. Je, nazo zikabidhiwe kwa anayefuata? Hapana. Kanuni ya 220 inalinda haki ya kila mtu ya faragha yake, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Barua za malezi ya kiroho si mali ya ofisi. Lakini hoja hii inadai tuzitenganishe barua mapema. Haituruhusu kuzipoteza zote. Dawa yake ni anwani mbili: moja ya ofisi, inayobaki na ofisi, na moja ya padre mwenyewe, anayohama nayo.

Shaka la pili ni la wale wanaosema kila kitu sasa kiko Gmail, kwa hiyo hakuna cha kuhofia. Hapo pia pana mtego. Tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumiwa kwa miaka 2. Padre akihamishwa, anwani iliyofunguliwa kwa jina lake na simu yake inakwenda naye au inalala. Akifariki na neno la siri akalijua yeye peke yake, parokia inabaki nje ya mlango wa nyumba yake yenyewe.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Hati ya makabidhiano, ambayo tayari huorodhesha madaftari, funguo, pikipiki na salio la benki, iongezewe mistari mitatu: anwani ya barua pepe ya ofisi, mahali neno la siri lilipofungiwa katika bahasha, na mahali nakala za barua zilipo. Nakala ziwe mbili, katika diski mbili zisizokaa nyumba moja. Barua za Askofu, za ardhi na za mikataba zichapwe na kuwekwa kwenye jalada. Na hapa seminarini, mafrateri wafundishwe kazi hii kama wanavyofundishwa kuandika daftari la ndoa, kwa maana siku si nyingi watakabidhiwa ofisi.

Mtakatifu Paulo, akiwa kifungoni na akijua mwisho wake u karibu, alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, na zaidi vile vya ngozi. Alikuwa amehama mara nyingi, tena na mizigo midogo, na bado alikumbuka ni nini alichokiacha, wapi, na kwa nani. Ofisi zetu zianzie hapo. Ikiwa ipo kompyuta ya zamani stoo, iulizwe wiki hii ni ya nani, ilitumika miaka ipi, na nani ataifungua.