Ari alipaswa kusema mwenyewe

KURASA ZA WIKI
Na Zainabu Mhando

Binti wa dada yangu ana miaka 16, anaishi Houston, na mwisho wa riwaya ambayo watu wazima wameitunuku tuzo kibao haujampendeza hata kidogo. "Mama mdogo, kwa nini baba yake ndiye amwambie?" alinihoji kwenye simu. "Ari alipaswa kusema mwenyewe."

Anazungumzia *Aristotle and Dante Discover the Secrets of the Universe* ya Benjamin Alire Sáenz, iliyotoka mwaka 2012. Ni hadithi ya wavulana wawili wenye asili ya Meksiko katika mji wa El Paso, huko huko Texas, kuanzia kiangazi cha 1987. Ari hajui kuogelea. Dante, asiyependa kabisa kuvaa viatu, anajitolea kumfundisha. Urafiki unakolea hadi unakuwa mapenzi, na Ari ndiye wa mwisho kulikubali hilo. Siku moja mvua ikinyesha anajirusha barabarani kumwokoa Dante asigongwe na gari, anavunjika miguu yote miwili na mkono, kisha anapiga marufuku tukio hilo kuzungumzwa. Mwishoni wazazi wake wanamwita kikao. Baba, askari aliyepigana Vietnam, mchache wa maneno, ndiye anayemwambia kwamba anampenda Dante na aache kukimbia.

Hapo ndipo binti alipokuja juu. Amemsubiri Ari kurasa zaidi ya mia tatu, halafu mzazi anamtangulia kusema! Tena anakumbusha kwamba Ari ana kaka, Bernardo, aliyefungwa Ari akiwa na miaka minne. Wazazi waliondoa picha zake na hawakumtaja tena. Nyumba iliyomficha mtoto mmoja, anasema binti, itamwambiaje mwingine asijifiche?

Ni hoja nzito, na nimeikataa. Kabla ya kumgusa mwanawe, baba anafungua kwanza kidonda chake mwenyewe, yale ya vita aliyokaa nayo rohoni miaka yote. Kimya cha Ari kimetoka kwake. Ni haki yeye ndiye atangulie kukivunja, na mimi kikao kile kilinitoa machozi. Nimeona akina baba wengi wakipoteza watoto wao kwa jambo hili hili. Huyu anamvuta wake karibu.

Najua wapo wasomaji wa safu hii wasiotaka hata kusikia habari ya wavulana wanaopendana. Huko Marekani nako riwaya za namna hii zimeondolewa katika maktaba za shule kadhaa, baada ya vikao vya watu wazima. Ninachowaomba ni kusikia alichokiona msomaji wa miaka 16. Aliona baba asiyesema na kaka asiyetajwa. Aliona mvulana aliyejichukia bila kujua sababu. Aliogopa Dante alipopigwa na vijana wa mtaani kwa sababu alimbusu mvulana mwenzake, akaacha kusoma hadi kesho yake. Nani alimfundisha kusoma kwa makini hivi? Hakuna. Alipewa kitabu akaachwa nacho, na sasa anahitaji mtu mzima wa kubishana naye kuhusu kitabu chenyewe.

Nilimweleza kwamba Sáenz, mzaliwa wa 1954, aliwahi kuwa padri El Paso na alikuwa ameshapita miaka hamsini alipojitokeza wazi kuwa anapenda wanaume. Huenda ndiyo maana alimpa Ari mzazi wa kumshika mkono mapema. Binti hakusita: "Basi angempa Ari ile nafasi aliyoikosa yeye."

Jibu hilo sijalipatia dawa. Mwaka 2021 Sáenz alitoa mwendelezo, na humo Ari anajisemea mengi zaidi. Binti anauhesabu kuwa ushahidi wake. Mimi bado niko upande wa baba.