Kosa la Kiingereza lina kwao

Safu ya Mwikali Musembi

Juzi mtoto wa kaka yangu, msichana wa Gredi ya 4 anayesoma upande wa Kathonzweni, alinifungulia daftari lake la Kiingereza. Sentensi saba kati ya kumi zilikuwa na X nyekundu, na hapakuwa na neno hata moja la maelezo. Ya kwanza ilisema: "My mother she is cooking." Akaniuliza, "Shangazi, hapa nimekosa nini?"

Nilimwomba aiseme kwa Kiswahili. "Mama anapika." Nikamwambia aitoe hiyo "a" ya mwanzo wa kitenzi, aone itakuwaje. "Mama, napika," akasema, kisha akanyamaza, maana alisikia mwenyewe kwamba sasa si mama anayepika tena bali ni yeye. Hapo akaelewa "she" yake ilitoka wapi. Kwetu kitenzi hakiendi popote bila kiambishi cha mtenda, hata kama mtenda ametajwa sasa hivi, na Kikamba kina kanuni hiyo hiyo. Alipoandika "My mother she" alikuwa akitii sheria aliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama. Tulichobaki nacho kilikuwa kumwambia kwamba Kiingereza hakina sheria hiyo: ukishamtaja mama, inatosha. Haikuchukua dakika tano.

Nilifundisha Kiingereza miaka 26, Kitui kwanza na baadaye Makueni, na katika miaka ya mwanzo mimi pia nilikuwa mtu wa X. Ilinichukua muda mrefu mno kutambua kwamba makosa ya wanafunzi wangu hayakuwa yakianguka kutoka mbinguni. Yalijirudia, mwaka baada ya mwaka, kwa watoto wasiojuana, kutoka Mutomo hadi Kibwezi. Kosa linalojirudia hivyo si uzembe. Mtaalamu wa isimu wa Uingereza, Pit Corder, aliliandikia jambo hili makala yenye sifa kubwa mwaka 1967: akatofautisha kuteleza kwa ulimi, ambako kila mtu huteleza, na kosa lenye mpango, linalomwonyesha mwalimu mwanafunzi amefika wapi.

Chukua "The boys runs." Hili liliwahi kunikera kuliko yote. Lakini msikilize mtoto aliyezoea kusema "vitabu vizuri vimepotea," vi, vi, vi, kila neno likivaa sare ya jina lililo mbele yake. Anapofundishwa kwamba wingi wa "boy" ni "boys," anaivisha "s" ile ile kitenzi kinachofuata. Kwa mizani ya lugha za Kibantu, hiyo ni kazi safi. Kiingereza ndicho kinachokwenda kinyume: "s" ya jina ni ya wingi, "s" ya kitenzi ni ya umoja, na mtoto asipoambiwa hivyo waziwazi atahangaika nayo hadi kidato cha pili. Wala si watoto wa Ukambani peke yao. Roger Brown wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1973, alifuatilia watoto watatu wanaozungumza Kiingereza tangu utotoni, na "s" hiyo ya kitenzi ilikuwa miongoni mwa vipashio walivyovimudu kwa kuchelewa. Kama mwenye lugha huchelewa, kwa nini mgeni wake apigwe kwa kuchelewa?

"He" na "she" nitazipitia haraka, kwa kuwa kila mwalimu anazijua. "Amefika" haituambii ni mwanamume au mwanamke, na Kikamba hakituambii pia. Zinahitaji mazoezi ya mdomo, kila siku kidogo kidogo. Vivyo hivyo "I hear hunger": anayesikia njaa, baridi, uchungu na harufu kwa kitenzi kimoja hana budi kuonyeshwa kwamba Waingereza wamezigawa kazi hizo kwa vitenzi kadhaa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni "yes." Muulize mtu wa kwetu, "Hujameza dawa?" Kama hajameza, atajibu, "Ndiyo," yaani umesema kweli, sijameza. Kwa Kikamba atasema "ĩĩ" kwa maana hiyo hiyo. Mwingereza akiulizwa hivyo, na hajameza, husema "No." Sasa fikiria daktari mgeni anamuuliza kijana wetu, "You haven't taken the tablets?" naye anajibu, "Yes." Daktari anaandika kwamba dawa imemezwa. Sarufi hapo imeshatoka darasani, imeingia mwilini mwa mtu. Ningependa kila mtoto afundishwe jambo hili kabla ya kulemewa na majina ya nyakati.

Kuna wazazi wanaoniambia kwamba mtihani hauulizi kosa limetoka wapi. Ni kweli, na sisemi kosa liachwe. Nasema lisahihishwe hadi liondoke, na kosa haliondoki kwa X. Mtoto aliyepewa X saba kwa siku hujifunza jambo moja tu, kuandika sentensi fupi zisizo na hatari. Chagua kosa moja kwa juma, la darasa zima, ulichimbue hadi mzizi, mengine yasubiri zamu yake.

Hata "the," inayowashinda watu wenye digrii, ina jirani kwetu. "Nimeona kitabu" na "nimekiona kitabu" si kitu kimoja. Ya pili inazungumzia kitabu tunachokijua mimi na wewe. Hiyo "ki" haifanyi kazi zote za "the," lakini mtoto aliyeelewa "nimekiona" tayari ana pa kuanzia. Mwalimu anayejua Kikamba au Kiswahili ana ufunguo huo kinywani mwake, kisha anauacha nje ya mlango wa darasa.

Kwa nini anauacha? Kwa sababu yeye mwenyewe alifundishwa hivyo. Kizazi changu kilivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kikamba uwanjani, na Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza adhabu za namna hiyo katika "Decolonising the Mind" ya mwaka 1986. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza watoto waanze kufundishwa kwa lugha ya eneo la shule, na mtaala wa umilisi unasema hivyo hadi Gredi ya 3. Kisha Gredi ya 4 inafika, Kiingereza kinakuwa lugha ya kufundishia, na Kikamba kinafukuzwa siku ile ile ambayo kingefaa zaidi kama kipimo cha kulinganisha. Lugha hii ilikuwa tayari imepigwa chapa mwaka 1850, Ludwig Krapf alipotoa Injili ya Marko kwa Kikamba. Haina cha kuonea aibu mbele ya ubao.

Lafudhi nayo iachwe. Mtoto wa Mwingi anayesema sentensi iliyonyooka kwa sauti ya Mwingi hajakosa chochote, na mwalimu anayeruhusu darasa limcheke anamfunga mdomo kwa miaka mingi.

Mwalimu wa Kitui au Makueni unayesoma hapa, Jumatatu utakutana na "My mother she is cooking." Weka kalamu nyekundu chini. Andika "Mama anapika" ubaoni, izungushie duara ile "a," waulize watoto inafanya kazi gani, kisha waache waifute "she" wao wenyewe.