Ada ya Chekechea: Nani Alipe?

Jumapili moja mimi na baba watoto hatukuongea mpaka chai ikapoa. Kisa? Karatasi ya chekechea. Ina ada, ina basi, ina sweta, ina na "mchango wa maendeleo" ambao hakuna aliyewahi kuyaona hayo maendeleo. Yeye akaja juu: si serikali imesema darasa la awali ni bure? Tumpeleke shule ya jirani! Nikamwambia nenda kwanza ukachungulie dirishani, halafu uje tuzungumze.

Alienda Jumatatu. Akarudi kimya. Watoto aliwahesabu mpaka akachoka. Mwalimu alikuwa mmoja.

Tusidanganyane, ahadi ilikuwa nzuri. Sera ya Elimu ya 2014 ilifanya mwaka mmoja wa awali kuwa lazima, na kuanzia Januari 2016 ada ikafutwa kuanzia awali mpaka kidato cha nne. Wazazi tukaitikia kwa kishindo: kutoka watoto kama milioni 1 mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliofuata. Walimu hawakuongezeka kwa mwendo huo. Kwenye shule za serikali miaka ile, mwalimu mmoja aliyesomea kazi hiyo aliangukiwa na watoto zaidi ya 100. Jamani, mimi wawili tu wa kwangu wananitoa jasho.

Na pesa je? Hapo ndipo penyewe. Ruzuku ya shule ya msingi inajulikana, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Fedha za awali kwa miaka mingi zimehesabiwa humo humo kwenye fungu la msingi, kama mtoto anayekula kwenye sahani ya kaka yake. Kashiba au kalala njaa, nani ajue?

Nikampigia shoga yangu wa Nairobi, nikidhani nimepata wa kulia naye. Akacheka. "Huku hiyo si kazi ya serikali kuu," akasema, "muulize gavana." Na kweli, elimu ya msingi bure ya Kenya ya 2003 haikuwagusa watoto wa awali. Ikaja Katiba ya 2010, ikawakabidhi wadogo hawa kwa kaunti 47, zilizoanza kazi 2013. Kaunti ndizo zinazojenga madarasa na kuajiri walimu kwa miaka yote miwili ya awali. Mwaka 2023 Nairobi ikaanzisha chakula cha mchana shuleni, mzazi analipa shilingi 5 tu za Kenya kwa sahani, na wa awali wamo.

Usihamie Nairobi bado. Mwalimu wa msingi kule anaajiriwa na tume ya taifa, wa awali anaajiriwa na kaunti, ndiyo maana malalamiko yao ya mishahara hayaishi. Ukivuka mpaka wa kaunti, darasa linaweza kuwa jingine kabisa. Mtoto anategemea kazaliwa upande gani wa barabara.

Hata hivyo, mimi naona wenzetu wametuzidi kwa jambo moja. UNICEF mwaka 2019 ilizitaka serikali zitenge angalau asilimia 10 ya bajeti ya elimu kwa ajili ya awali. Shoga yangu anaweza kuchukua bajeti ya kaunti yake, akautafuta mstari wa awali, akakasirika akiwa na takwimu mkononi. Sisi tunakasirika kwa kuhisi. Na wenye vijisenti hata kukasirika hatukasiriki. Tunalipia basi la njano, tunapita mbele ya ile shule ya jirani vioo vimefungwa. Nilipomwambia baba watoto hivyo, akaniuliza lini mara ya mwisho nilihudhuria mkutano wa mtaa. Nikanyamaza mimi sasa.

Ada ya muhula huu tumelipa. Ya muhula ujao bado hatujakubaliana.